Mepoli Nyekundu, Mti Uliotoka Kinamasini

Nazungumza nanyi mlioko Portland na Lewiston, Manchester ya New Hampshire, Worcester, Syracuse, na popote pengine kaskazini-mashariki mwa Marekani ambako Kiswahili sasa kina wenyewe. Na ninyi wa Lubumbashi, Bujumbura, Kigoma na Zanzibar mnaotufuata kwa simu, msiondoke. Mada ya leo ni ya huku, lakini nina neno nanyi pia.

Leo tunazungumzia mti. Si mbuyu wala mwarobaini, miti ambayo kila mmoja wetu ana la kusimulia juu yake. Ni mti ambao wengi wetu tunapita chini yake kila siku tukienda kazini, tukiwapeleka watoto shule, tukisubiri basi, na hatujui hata unaitwaje. Unaitwa mepoli nyekundu. Wataalamu wanauita Acer rubrum, jina aliloupa Carl Linnaeus mwaka 1753. Mashariki yote ya Marekani, watu wa misitu wakihesabu mashina, huu ndio unaoongoza kwa wingi. Unaanzia Newfoundland kule Kanada inakoanguka theluji ya kuziba milango, unashuka mpaka kusini mwa Florida ambako theluji ni hadithi, na upande wa magharibi unafika Minnesota na mashariki mwa Texas.

Nakiri nina upendeleo. Mepoli ikitajwa, watu humfikiria ndugu yake, mepoli ya sukari, ile ya shira. Hiyo imefanywa mti rasmi wa majimbo manne: New York, Vermont, West Virginia na Wisconsin. Nyekundu imeambulia Rhode Island peke yake, jimbo dogo kuliko yote. Sifa zimeenda upande mmoja mno, na leo nataka kurudisha mizani kidogo. Kuna sababu nyingine pia. Mti huu haukuwa mwingi hivi tangu mwanzo. Zamani makao yake makuu yalikuwa kinamasini, na hata leo wenyeji wengine huuita mepoli ya kinamasi. Nani aliutoa huko? Nitafika hapo. Kwanza tuujue kwa sura.

Watu wengi hudhani kwamba mti ukishapukutisha majani hauwezi kutambulika. Kumbe majira ya baridi ndiyo rahisi. Shika tawi changa ulitazame. Kwenye mepoli, vichipukizi hukaa viwili viwili vikitazamana, kimoja kulia, kimoja kushoto, na matawi yanayotokana navyo hutazamana vivyo hivyo. Mwaloni haufanyi hivyo. Vyake hupishana, kimoja huku, kingine mbele kidogo upande wa pili. Miti mikubwa ya misitu hii yenye matawi ya kutazamana ni michache mno; mikuu ni mepoli na eshi. Na eshi nayo inakwisha, kwa sababu mdudu wa kijani aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameiua kwa mamilioni. Kwa hiyo ukiona mti mkubwa wa matawi ya kutazamana, umeshakaribia jibu.

Sasa tazama rangi. Kijiti cha mwisho cha mepoli nyekundu ni chekundu na kinang'aa, na vichipukizi vyake ni vyekundu, vifupi, butu. Vya mepoli ya sukari ni vya rangi ya kahawia na vimechongoka. Yupo ndugu wa tatu anayeweza kukuchanganya, mepoli ya fedha, kwa maana naye ana vijiti vyekundu. Huyo vunja kijiti chake unuse. Kinatoa harufu mbaya. Cha nyekundu hakinuki.

Gome usiliamini sana. Mti ukiwa mchanga gome ni laini, la kijivu, kiasi kwamba mtu hudhani ni mti mwingine kabisa. Ukizeeka linakuwa jeusi-jeusi, linapasuka vibamba virefu ambavyo ncha zake hubanduka. Mti mmoja unaweza kuwa laini juu na wenye magamba chini. Ila ipo alama moja nzuri ambayo watu wa misitu ya New England huipenda: kwenye baadhi ya mepoli nyekundu gome hupasuka kwa miduara, mmoja ndani ya mwingine, kana kwamba mtu amechora shabaha ya kulenga. Hiyo ni kazi ya kuvu anayeshambulia gome. Ukiiona shabaha hiyo, huna haja ya kuuliza zaidi.

Mwezi wa tatu unapoelekea ukingoni, theluji bado iko vivulini, mti huu unachanua. Hakuna jani hata moja, lakini kila kijiti kina vishada vya maua madogo mekundu. Ukiwa barabara kuu, tazama vilima kwa mbali utaona wekundu hafifu umetanda. Watu wengi hawajui kwamba ni maua. Wanadhani ni majani yanajitayarisha. Nyuki wanajua. Chavua ya mepoli nyekundu ni miongoni mwa chakula chao cha kwanza baada ya miezi ya kufungiwa mzingani. Na hapa mti una tabia ya ajabu: mwingine ni dume mtupu, mwingine ni jike mtupu, mwingine una tawi la maua dume na tawi la maua jike. Ndiyo maana wa jirani yako unaweza kujaa mbegu na wako usiwe hata na moja, na wala hauumwi.

Hizo mbegu ni zile zenye bawa, mbili mbili zimeshikana, zinazoshuka zikizunguka hewani na watoto kuzikimbilia. Miti mingi hukomaza mbegu vuli. Mepoli ya sukari nayo hungoja vuli, kisha mbegu zake hulala chini ya theluji mpaka machipuko. Nyekundu haina subira hiyo. Inachanua mwezi wa tatu au wa nne, mwezi wa tano au wa sita mbegu zimeiva, zimeanguka kwenye udongo wenye joto, na nyingi zinaota papo hapo. Jani la kwanza linapata kiangazi kizima cha kujijenga kabla baridi haijaja. Na ni mbegu nyingi. Watafiti wa misitu waliwahi kuhesabu mti mmoja wenye unene wa sentimita 30 tu, wakakuta karibu mbegu milioni moja. Mti unaweza kuanza kuzaa ukiwa na miaka minne. Hebu zishikeni hizi habari za mbegu, tutazihitaji baadaye.

Kiangazi, tazama jani. Waliokulia kwenye kisamvu wanajua jani la muhogo, lenye vidole virefu vilivyoachana mpaka karibu na kikonyo. Jani la mepoli nalo lina vidole, lakini vimeungana kiganja kipana. La nyekundu lina vidole vitatu vikubwa, pengine na viwili vidogo chini. Angalia vitu vitatu. Kwanza ukingo: una meno madogo madogo pande zote. La mepoli ya sukari halina meno hayo. Ukingo wake ni laini, una ncha chache kubwa tu. Pili, pale kidole na kidole vinapokutana: kwenye nyekundu pamechongoka, kwenye sukari pamezunguka. Tatu, ligeuze jani: tumbo lake ni jeupe-jeupe. Kikonyo mara nyingi ni chekundu. Jani lililo kwenye bendera ya Kanada, iliyoanza kupepea tarehe 15 Februari 1965, lina ncha 11 na ni la kuchorwa tu. Msilitumie kutambua mti wowote.

Na hapa kuna mtego ambao nimeona watu wengi wakinaswa. Mtu anaona kando ya barabara mti wenye majani ya zambarau iliyoiva tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, anasema, "Ndiyo hiyo mepoli nyekundu." Siyo. Mepoli nyekundu ina majani ya kijani kiangazi chote. Ule wa zambarau kwa kawaida ni mepoli ya Norway, mgeni kutoka Ulaya aliyeletwa karne ya 18 na kupandwa mijini kwa sababu anavumilia moshi na lami. Kumjua ni rahisi: kata kikonyo cha jani lake ukibinye, kinatoa utomvu mweupe. Cha nyekundu kinatoa maji tu. Huyo wa Norway amekuwa msumbufu, anavamia misitu na kivuli chake kizito hakiachi kitu kuota chini yake, mpaka jimbo la Massachusetts limepiga marufuku kuuzwa kwake.

Mkiona vipele vyekundu vilivyosambaa juu ya jani, msikimbilie dawa. Ni vijumba vya utitiri mdogo usioonekana kwa macho, na mti haudhuriki.

Halafu vuli inakuja, na hapo jina linaeleweka. Mepoli nyekundu ni ya kwanza kugeuka. Ile iliyo kinamasini huanza hata kabla ya mwezi wa tisa kwisha, wakati miti mingine bado ya kijani. Watu huuliza rangi hiyo inatoka wapi. Njano inayoonekana kwenye miti mingi ilikuwamo ndani ya jani siku zote, imefunikwa na kijani. Kijani kikivunjika, njano inabaki. Wekundu ni habari nyingine. Haukuwamo. Mti unautengeneza upya, kwa sukari iliyobaki katika jani, muda mfupi kabla jani halijaanguka. Siku za jua kali na usiku wa baridi isiyofikia kuganda ndizo zinazotoa wekundu mzuri zaidi. Kwa nini mti ugharimie rangi jani ambalo unalitupa? Wanasayansi wanabishana. Wapo wanaosema rangi hiyo ni kinga dhidi ya jua wakati mti unaondoa virutubisho vya jani na kuvirudisha shinani. Wapo wanaosema ni onyo kwa wadudu. Mimi naelemea upande wa kwanza, lakini mjadala bado uko wazi.

Majani hayo mekundu yana hatari moja, na wenye farasi wanisikilize vizuri. Jani bichi mtini halina shida kubwa. Jani lililonyauka, lililoanguka au lililokuwa kwenye tawi lililovunjwa na dhoruba, ni sumu kwa farasi. Linavunja chembe nyekundu za damu. Mnyama anakuwa mnyonge, ufizi unabadilika rangi, mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea, na anaweza kufa katika siku chache. Majani makavu hubaki na sumu hiyo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuyakusanya na kuyamwaga kwenye zizi ni kosa kubwa. Watu wachache wa kwetu hufuga farasi huku, lakini wapo vijana wanaofanya kazi mazizini, na jirani anaweza kuwa na mmoja. Sumu hiyo huwapata jamaa wote wa farasi. Madaktari wa wanyama Marekani wamewahi kuripoti visa kwa punda milia wa Grevy waliofugwa huku, yule mwenye mistari myembamba ambaye kwao hasa ni kaskazini mwa Kenya na Ethiopia. Huko Samburu hakuna mepoli, basi mnyama hakuwahi kujifunza kuuogopa mti huu.

Na kweli huko hakuna. Jenasi hii ina zaidi ya aina 120, nyingi zikiwa Asia, na Afrika zimeishia milima ya kaskazini, Morocco na Aljeria. Kusini mwa Sahara hakuna mepoli ya asili hata moja. Lakini wa Unguja na Pemba, msijione mko mbali. Wataalamu zamani waliipa mepoli ukoo wake peke yake. Siku hizi wameiingiza katika ukoo wa Sapindaceae, ule ule wa mshokishoki. Kwa hiyo lile tunda lenye manyoya mnalomenya msimu wake na mti huu wa theluji ni binamu. Binamu wa mbali, lakini wa damu.

Najua wapo wanaongojea shira. Ndiyo, mepoli nyekundu nayo inatoa. Kuelekea mwisho wa baridi, usiku ukishuka chini ya sifuri na mchana ukapanda juu yake, maji ya mti hupanda na kushuka shinani, na ukitoboa tundu dogo yanadondoka. Hayo maji ni meupe, na ukiyaonja hutajua kwamba yana kitu, maana sukari yake kwa mepoli ya sukari ni kama asilimia 2 tu. Lita 40 za maji, ukichemsha mpaka yakauke inavyotakiwa, hutoa lita moja ya shira. Nyekundu ina sukari pungufu kidogo, kwa hiyo unachemsha zaidi. Halafu inachipua mapema, na vichipukizi vikianza kufunguka shira inakuwa na ladha isiyopendeza. Msimu wake ni mfupi. Wenyeji wa asili wa nchi hizi, Waabenaki, Waojibwe na wengine, walikuwa wakitengeneza sukari ya mepoli kabla Mzungu hajafika, na wao ndio waliowafundisha wageni. Ukitaka kujaribu, chagua mti wenye unene usiopungua sentimita 25, na kama mti si wako, omba ruhusa. Kuna mama mmoja ambaye humwagia shira ya nyekundu juu ya kaimati siku ya Idi. Mimi kwa ulimi wangu siwezi kuitofautisha na ile ya Vermont yenye bei.

Sasa nirudi kwenye lile swali. Nani aliutoa mti huu kinamasini?

Walowezi walipokuwa wakipima ardhi karne ya 17 na ya 18, kila pembe ya kiwanja waliweka alama kwenye mti na kuandika jina la mti huo daftarini. Madaftari hayo bado yapo, na wanaikolojia wameyasoma kama sensa ya misitu. Wakakuta mialoni mingi sana, misonobari, michesnati. Mepoli nyekundu ilikuwa sehemu ndogo tu ya miti iliyoandikwa, na mara nyingi ilikuwa penye maji. Leo iko kila mahali: bondeni, mlimani, kwenye mchanga, kwenye mawe. Marc Abrams wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania aliandika juu ya kitendawili hiki katika jarida la BioScience mwaka 1998. Kitendawili chenyewe ni kwamba ukiupima mti huu maabara hauna uwezo wowote wa kutisha. Haukui kwa kasi ya ajabu, hauvumilii ukame kuliko mwaloni, hauishi sana. Mingi hufa kabla ya kufika miaka 150. Ila una kiasi cha kila kitu. Unavumilia kivuli kiasi, ukame kiasi, mafuriko kiasi. Hata mizizi hubadilika: penye maji mche unatandaza mizizi ya pembeni, penye ukavu unashusha mzizi mrefu wa kati.

Lakini kuwa hodari wa kila kitu hakutoshi kueleza kwa nini umeenea sasa na si miaka mia tatu iliyopita. Kilichobadilika ni moto.

Gome la mepoli nyekundu ni jembamba. Moto mdogo wa majani makavu, ule unaotambaa chini bila kufika matawini, unaua mche wake na kuuumiza hata mti wa makamo. Mwaloni una gome nene, na mche wake ukiungua juu, mzizi unabaki na akiba ya kuanza upya. Misitu mingi ya mashariki ilikuwa ikiungua mara kwa mara. Radi ilichangia, lakini zaidi ni watu: wenyeji wa asili walichoma chini ya miti ili wapate njia, malisho ya wanyama wa kuwinda, na matunda madogo. Kwa kiasi gani hasa walichoma huku New England, watafiti bado wanavutana, na ushahidi ni mzito zaidi kusini na magharibi. Lakini wenyeji hao walipofukuzwa na kufa kwa maradhi, moto wao ulikwisha. Halafu karne ya 20 serikali ikatangaza vita na moto wowote ule. Baada ya moto mkubwa wa Idaho na Montana mwaka 1910, Idara ya Misitu ilifanya kuzima moto kuwa kazi yake ya kwanza. Mwaka 1935 ikaweka kanuni kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Mwaka 1944 akatokea yule dubu mwenye kofia, Smokey, kufundisha watoto kwamba moto msituni ni adui.

Ndugu zangu wa Katanga, wa Tabora na Rukwa, mmeshaelewa ninapoelekea. Miombo ni msitu wa moto. Kule Ndola, Zambia, si mbali na mpaka wa Kongo, wataalamu wa misitu walianza katika miaka ya 1930 kupima jambo hili kwa vipande vya msitu. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka kiangazi kikiwa kimeiva, kingine kilichomwa mapema nyasi zikiwa bado mbichi-mbichi, kingine kikalindwa kabisa. Cha moto mkali kilielekea kuwa nyasi. Kile cha moto wa mapema kilibaki miombo. Kilichokatazwa moto kikaanza kuingiwa na mitambaazi na miti ya kivuli isiyopukutisha majani, miti mingine kabisa. Mwenye kuzima moto naye anapanda msitu, ila hachagui mbegu.

Huku Marekani mbegu ilikuwa ile yenye bawa, hadi karibu milioni kwa mti, tayari kuota mwezi wa sita. Na mambo mengine yaliipisha. New England katikati ya karne ya 19 ilikuwa mashamba matupu. Sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imefyekwa. Kisha wakulima wakahamia Ohio na kwingine magharibi penye udongo mzuri, au wakaenda viwandani, wakaacha konde. Ndiyo maana ukitembea msituni leo unakuta kuta za mawe katikati ya miti, zisizozuia kitu. Mashamba hayo yaliota misonobari na mepoli. Mwaka 1904 ugonjwa wa kuvu ulionekana kwenye michesnati ya Bronx, New York, na katika miongo michache ukaufuta mti huo uliokuwa mfalme wa milima ya Appalachia. Mabuu ya nondo yaliyoletwa Medford, karibu na Boston, mwishoni mwa miaka ya 1860 na mtu aliyetaka kufanya biashara ya hariri, yakatoroka, na mpaka leo yanakula majani ya mialoni kwanza. Kila mkubwa alipoanguka, aliyekuwa tayari chini yake akisubiri mwanga alikuwa mepoli nyekundu.

Na ukishaingia, mti huu unajilinda. Hili ndilo jambo ninaloliona la kuvutia kuliko yote. Jani la mwaloni likianguka linajikunja. Hewa inapita chini yake, linakauka, linawaka vizuri. Jani la mepoli ni jembamba, linalala bapa juu ya mwenzake, linashika unyevu, na mvua mbili tatu linaanza kuoza. Kivuli cha mepoli nacho ni kizito zaidi, sakafu ya msitu haikauki. Kwa hiyo msitu wa mwaloni uliokosa moto ukaingiwa na mepoli, baada ya muda hata ukitaka kuuwasha hauwaki sawasawa. Gregory Nowacki na huyo huyo Abrams walilieleza hili mwaka 2008, na tangu hapo limekuwa gumzo la kila mkutano wa watu wa misitu wa mashariki.

Gumzo, kwa sababu mialoni ina wateja. Kulungu, bata mzinga, kuchakulo na dubu wanategemea njugu zake wakati wa vuli na baridi. Mbegu ya mepoli haiwashibishi vile vile, na wakati baridi inaanza ilishaota zamani. Mbao za mwaloni zina bei kuliko za mepoli nyekundu, ambazo sokoni huhesabiwa mbao laini za mepoli. Basi katika majimbo kadhaa watu wa misitu wamerudia kazi ya wenyeji waliofukuzwa. Wanangoja siku kavu ya machipuko, wanakata mistari ya kuzuia moto, wanatangaza kwa majirani, wanawasha. Msikilizaji akiona moshi mwezi wa nne na zima moto wamesimama wakitazama tu bila haraka, huenda ni hao.

Tena moto mmoja hautoshi. Mepoli nyekundu ikiungua au ikikatwa, kisiki chake hutoa machipukizi mengi kwa mkupuo, na baada ya muda unakuta mahali pa shina moja pana mashina matano au sita yamesimama duara. Ukikutana na duara hilo msituni, ujue hapo palipita shoka au moto. Kwa hiyo wanachoma, wanaacha miaka michache kisiki kitumie akiba yake, wanachoma tena, na pengine mara ya tatu. Wenye mashamba madogo ambao hawaruhusiwi kuwasha moto hutumia msumeno, wakikata mepoli chache zinazoziba mwanga juu ya miche ya mwaloni na kuziacha zile zilizo bondeni penye maji.